Kupima Damu ni Kupima Nini?

Shangazi yangu alirudi kutoka hospitali na karatasi iliyokunjwa mara nne, ameifunga kwenye pindo la kanga. "Wamenipima damu," akaniambia, "wamekuta sina damu. Nina upungufu wa vitamini." Nikamwuliza ni vitamini gani. "Ya damu," akajibu, akinitazama kama mtu aliyesomeshwa bure.

Nikaikunjua karatasi. Juu, mahali pa ombi la daktari, paliandikwa kwa mkono: kipimo cha damu. Chini, maabara ilikuwa imejibu kwa vifupisho na tarakimu. Kati ya mstari wa juu na mstari wa chini hapakuwa na neno hata moja la kumweleza mwenye damu kitu kilichotafutwa katika damu yake. Kipimo kilifanyika sawasawa. Daktari alijua anachokitafuta na maabara ilikipata. Kilichopotea njiani ni majina. Na majina ni kazi yetu, msomaji, mimi na wewe tunaojiita walinzi wa lugha hii. Naomba basi tuipitie karatasi ile neno kwa neno.

Tuanze na kupima. Ni kitenzi chetu cha asili, hakidaiwi na Mwarabu wala Mwingereza. Fundi cherehani hupima kiuno, mwenye duka hupima sukari, mwashi ana pimamaji la kumwambia kama ukuta umelala. Kote huko kinachopimwa kinajulikana: urefu, uzito, usawa. Tukifika hospitali, kitenzi hiki kinapoteza shabaha yake. Tunasema "kapime damu" kana kwamba damu inawekwa kwenye mizani. Kumbe damu ni njia tu. Tunaipitia ili kukipima kitu kingine kilichomo ndani yake.

Kutotaja kitu hicho kuna gharama. Tangu UKIMWI uingie, "kupima damu" kumekuwa tafsida ya kipimo kimoja. Wachumba hupima damu kabla ya ndoa, baadaye hata damu ikaachwa, ikabaki "Umepima?" Kwa hiyo mama aliyeambiwa tu akapime damu kwa sababu anachoka mapema, njia nzima ya kwenda maabara anatembea na hofu isiyo yake. Neno moja la ziada lingemwondolea mzigo huo.

Neno hilo la ziada ni dogo kweli. Tazama "kipimo cha damu". Hiyo "cha" ni kiunganifu chenye huruma kupita kiasi, hupokea kila maana inayobisha hodi. Yaweza kuwa kiasi cha damu, kifaa cha kupimia damu, au uchunguzi unaofanywa kwa kutumia damu. Sasa andika "kipimo cha vitamini B12 katika damu". Kiunganifu kimepata kazi yake, na "katika" imeirudisha damu mahali pake: ni chombo, na kinachotafutwa kimo ndani. Pendekezo langu la kwanza ndilo hilo, na halihitaji kikao cha istilahi. Tutaje kitu, kisha tuseme katika damu.

Damu yenyewe tumeipokea kutoka kwa Waarabu. Ndugu zetu wa Kibantu walio kusini wamebaki na la kwao: Mzulu ana igazi, Mchewa ana magazi. Lakini neno tuliloazima tumelilea mpaka limekuwa la nyumbani. Kuna damu changa, kuna ndugu wa damu, na maskini asiyependwa na watu bila kosa tunasema ana damu ya kunguni. Ndiyo sababu "sina damu" ni kauli nzito. Mgonjwa anayeitamka anaona kisima kimekauka.

Kisima hakijakauka. Mtu mzima hubeba damu ya lita kama tano hivi, na shangazi alikuwa nazo karibu zote. Hapa ndipo ninapogombana na "upungufu wa damu". Aliyechomwa kisu hupungukiwa na damu. Aliyekosa madini ya chuma au vitamini fulani anayo damu mishipani, ila damu hiyo imepungua nguvu ya kubeba hewa. Lugha imeziita hali zote mbili kwa jina moja, na jamaa wakisikia jina hilo huuliza swali moja: ataongezewa chupa ngapi?

Watu wa kliniki wamelitafutia dawa tatizo hili, nao wanastahili pongezi. Wanasema wekundu wa damu. Muuguzi hushusha kope la chini kwa kidole gumba, hutazama ndani, kisha hutazama kiganja. Anachokitafuta ni wekundu. Himoglobini, jina lake la kitaalamu, ni neno zuri kwa darasa la kemia, ila wekundu wa damu linaonekana kwa macho. "Upungufu wa wekundu wa damu" ni refu, nakubali, lakini linasema kweli.

Linasema kweli, na bado lina mtego. Ukimwambia mtu wekundu umepungua, atakwenda sokoni kutafuta vyekundu: juisi ya rozela, bitiruti, chochote kinachoacha doa kwenye nguo. Rangi huita rangi. Mchicha na kisamvu, vilivyojaa vitamini ya folati, vinabaki kwenye meza ya muuzaji kwa sababu ni vya kijani. Istilahi nzuri haimalizi kazi. Inahitaji mtu wa kuisindikiza hadi sokoni.

Hapo zamani tulikuwa na safura. Neno hili lina asili ya Kiarabu, ndani yake mna rangi ya manjano. Wazee walimwona mtu amepauka, miguu imevimba, anatamani kula udongo, wakaliita gonjwa kwa rangi ya ngozi yake. Leo safura imehusishwa zaidi na minyoo wanaofyonza damu utumboni. Tuiache huko. Ila tuone jambo moja: safura ni jina lililotolewa na jicho.

Majina ya namna hiyo tunayo mengi. Kiseyeye ni ufizi unaovuja damu kwa kukosa vitamini C. Mtu haonwi kiseyeye mpaka afunue kinywa. Matege ni miguu iliyopinda kama upinde, na moja ya sababu zake ni kukosa vitamini D utotoni. Upofu wa usiku unajieleza wenyewe. Kila moja ni picha kamili, na kila moja linafika limechelewa. Jina la jicho husubiri mwili uharibike ndipo liitwe. Kipimo katika damu kinataka majina mengine, ya kuita hali ambayo bado haijajichora mwilini. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapoishiwa pumzi.

Yapo pia majina yaliyotolewa na kinywa cha jirani. Kuna chirwa, kuna kubemenda. Mtoto anadhoofika, nywele zinabadilika rangi, na jina linawanyooshea kidole wazazi kwamba wamevunja mwiko wa kitanda wakati wa kunyonyesha. Hilo si jina la ugonjwa, ni hukumu. Unyafuzi, tulilolipata baadaye, halimsuti mtu. Kila nikilisikia likitumika kliniki badala ya hayo mawili, naona istilahi imemstiri mama mmoja.

Lawama hujificha hata kwenye maneno yenye adabu. Pima ukosefu na upungufu. Ukosefu umetoka kwa kukosa, ndugu yake ni kosa na mkosaji. Tena unamaanisha kutokuwapo kabisa: ukosefu wa maji ni bomba kavu. Upungufu umetoka kwa kupungua. Kitu kipo, hakijatimia. Katika damu ya mtu aliye hai ni nadra vitamini kukosekana kabisa. Hushuka. Kwa hiyo upungufu ndilo neno la maabara, na ukosefu tuuache kwa bomba. Kifupisho UKIMWI kimewahi kufasiriwa kwa maneno yote mawili, ukosefu wa kinga na upungufu wa kinga, na ninafurahi kwamba upungufu ndio unaoelekea kushinda.

Uhaba je? Uhaba ni wa dukani. Sukari ikiadimika tunasema kuna uhaba. Ukitaka kueleza kwamba kijiji hakipati mboga wala mayai, sema uhaba wa vyakula vyenye vitamini. Ukieleza matokeo yake ndani ya mtu, sema upungufu. Mmoja huonekana sokoni, mwingine huonekana katika damu, na mtu anaweza kuwa na wa pili bila wa kwanza. Wapo wanaokula vizuri lakini utumbo wao haufyonzi B12. Ukiwaambia wana uhaba, utawatuma sokoni bure.

Sasa vitamini. Mwaka 1912 Casimir Funk, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi London, alikuwa akitafuta ndani ya pumba za mchele kile kinachozuia ugonjwa wa beriberi. Akaunganisha neno la Kilatini vita, yaani uhai, na jina la kundi la kemikali ambalo aliamini linajumuisha vitu vyote vya aina hiyo. Mwaka 1920 Jack Drummond alipendekeza herufi ya mwisho, e, iondolewe, maana ilikuwa imebainika kwamba si vyote ni vya kundi hilo. Jina tunalolitumia lina kosa lililokatwa mkia. Nami hufurahi kwamba lilipatikana kwenye pumba, neno ambalo vijana wetu hulitumia kwa maneno yasiyo na maana.

Kilatini kilisikia uhai. Sikio la Mswahili husikia vita. Mtoto akifundishwa kwamba vitamini hupigana na maradhi, haoni ajabu, kwani vita imo ndani ya jina. Ni bahati ya sauti tu, lakini ina madhara yake. Imetufanya tuone vitamini kama askari, na askari wakizidi ndiyo vizuri. Vitamini A ikizidi hudhuru ini, na wajawazito huonywa nayo. Asili ya Kilatini ina hekima zaidi hapa. Uhai hutaka kiasi.

Halafu ile "vi-" ya mwanzo. Kiswahili kilipopokea kitabu kutoka Kiarabu kilisikia "ki-", kikazaa vitabu. Mzunguko wa barabara ukaitwa kipilefti, na ikiwa miwili ni vipilefti. Basi kwa nini nisimkute mtu akisema "vitamini hivi vinasaidia"? Wasahihishaji humrudisha kwenye "vitamini hizi", nao wana haki yao. Mimi humwacha. Sikio lake linafanya kazi ileile iliyotupa vitabu. Siku nitakayosikia kitamini kimoja, nitajua neno limepata uraia.

Herufi nazo zina vituko vyake. C katika Kiswahili haisimami peke yake, huegemea H. Vitamini C tunaitamka kwa sauti ya kigeni, "si", na tangazo likisema "chungwa lina vitamini si", mwenye kupenda maneno hubaki akisubiri sentensi imalizike: vitamini si nini?

Ila herufi moja imetuangukia kama embe bivu. Henrik Dam wa Denmark aliona vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta wakivuja damu isiyokoma. Kitu walichokikosa alikiita vitamini K, kwa herufi ya kwanza ya neno lao la kuganda kwa damu, na akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Herufi yao ni K. Kitenzi chetu ni kuganda, nacho huanza kwa K ileile. Muuguzi anayemchoma mtoto mchanga sindano ya vitamini K anaweza kumwambia mama: K ya kuganda. Hakuna tafsiri inayohitajika. Hata jina la ukoo la mgunduzi, Dam, masikioni mwa Mwarabu ni damu. Kipimo cha vitamini hiyo nacho tukiite kwa jina la wazi: muda wa kuganda. Upungufu wa K mara nyingi huonekana kwa kuhesabu sekunde ambazo majimaji ya damu huchukua hadi yagande.

Folati inaficha jani. Kilatini folium ni jani, na jina hilo lilitolewa mwaka 1941 baada ya watafiti wa Marekani kukipata kitu hiki katika majani ya spinachi. Sisi tumechukua sauti tukaacha jani. Katika maandishi ya kitaalamu asidi ya foliki ikae; kliniki napendekeza vitamini ya majani. Mama anayelijua hilo hatahitaji kuandikiwa orodha ya mchicha, matembele na majani ya maboga.

Jina hili lina uzito hata kwa mtu kama shangazi. Upungufu wa folati na upungufu wa B12 huzaa chembe nyekundu kubwa kupita kiasi, na ukitazama chembe peke yake huwezi kuzitenganisha hali hizo mbili. Ukimpa folati mwenye upungufu wa B12, wekundu wa damu unaweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Shangazi alikuwa na ganzi miguuni. "Vitamini ya damu" ni jina linaloweza kumfurahisha mtu kwa wekundu huku likimwachia ganzi.

Tuingie sasa kwenye sindano. Zamani damu ilitolewa kwa kuumika: pembe la ng'ombe, wembe, na mdomo wa kuvuta hewa. Pembe hilo ni chuku, na kupiga chuku ndiko huko. Lakini kupiga chuku pia ni kutia chumvi katika maneno. Sijui lugha nyingine iliyokiweka kitendo cha kutoa damu na cha kuongeza uongo mdomo mmoja. Siku hizi kuna wanaotembea na mashine ya kushikwa kiganjani, wakidai itasoma vitamini zako zote bila kutoa tone. Kwa hao neno letu limekamilika: hawatoi damu, na chuku wanaipiga.

Maabara ya kweli huchukua sampuli. Sina ugomvi nalo, limekuwa letu. Lakini kamusini kuna neno linaloona aibu kujitokeza: mchoto, yaani kiasi kidogo kilichochotwa. Kionjo nalo nililifikiria, nikalikataa haraka. Kionjo cha damu ni cha mbu. Mchoto wa damu unamtuliza anayeogopa sindano, kwa sababu kuchota ni kwa kisima kinachobaki na maji. Shangazi alichotwa mirija miwili, mmoja wa kifuniko cha zambarau, mwingine wa kifuniko chekundu, yote pamoja haifiki vijiko viwili vya chai.

Rangi hizo ni lugha. Ndani ya ule wa zambarau mna dawa ya kuzuia damu isigande, ili chembe zihesabiwe na kutazamwa. Ule mwekundu wa kawaida hauna dawa hiyo. Damu huachwa igande, na juu hujitenga majimaji ya rangi ya majani makavu. Wanayaita seramu. Na seramu kwa Kilatini ni nini? Ni maji yanayobaki maziwa yakiganda. Hapo nilipiga meza. Maziwa yaliyoganda sisi tunayaita mgando! Basi seramu ni maji ya mgando, na Mrumi angetuelewa bila mkalimani. Yale majimaji ya damu ambayo haijaganda, ambayo wengine huyaita plazma, hayastahili jina hilo, maana bado yana vitu vya kugandia. Istilahi hii inafundisha kwa kutamkwa tu.

Maabara, kwa njia, ukiifuata kwa alfabeti ni jirani wa maabadi, mahali pa ibada. Ujirani huo ni wa kamusi tu, ila hufanana namna watu wanavyonyamaza kwenye mabenchi.

Wanachosubiri ni kiwango. Nyuma ya neno hili kuna kitenzi cha zamani, kuwanga, maana yake kuhesabu. Kiwango ni hesabu, kwa hiyo hakitoshi kukisema bila tarakimu. "Kiwango chako kiko chini" ni nusu ya sentensi. Wekundu wa damu wa shangazi ulikuwa gramu 9 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kuanzia chini ya 12, kwa mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho chini ya 11, kwa mwanamume chini ya 13. Tarakimu tatu, watu watatu.

Tarakimu hizo tatu huitwa nini? Wengi husema kiwango cha kawaida. Kawaida ni kama sheria, walisema wahenga, na ndiyo kasoro yake. Jambo likiwapata watu wengi huwa la kawaida, hata likiwa baya. Katika mji ambao watu hushinda ndani na kukosa jua, vitamini D ya chini ndiyo kawaida. Napendekeza kiwango toshelevu, maana swali ni kama inatosha, na si kama majirani nao wako hivyo. Na ile tarakimu ya kutenganisha iitwe mpaka. Mipaka huchorwa na watu, na watu hugombana: kwa vitamini D wapo waliochora kwenye nanogramu 20 kwa mililita, wapo waliochora kwenye 30. Mgonjwa akijua kwamba ni mpaka, hatashtuka akiambiwa yuko ng'ambo kwa daktari mmoja na nyumbani kwa daktari mwingine.

Kuna neno moja ambalo karatasi zetu hazinalo kabisa, nalo ni akiba. Kilichomo katika damu kiko safarini. Kilichowekwa kiko ghalani, na kwa vitamini A na B12 ghala kuu ni ini. Ini hutoa kidogo kidogo, damu ikaonekana iko sawa hata ghala likiwa linaelekea kuisha. Kwa hiyo kiwango cha vitamini A katika damu kikishuka, mara nyingi ni ishara kwamba ghala limebaki sakafu. Tutofautishe kiwango katika damu na akiba mwilini. Akiba haiozi, lakini huisha.

Kisha karatasi hurudi. Ofisi huandika matokeo. Wagonjwa husema majibu. "Nasubiri majibu." Katika hili nawaunga mkono wagonjwa bila masharti. Matokeo ni ya uchaguzi na ya mpira, hutokea hata usipouliza. Jibu hudai swali. Maabara iliyoulizwa habari za B12 haitasema lolote kuhusu vitamini D, na mgonjwa aliyepata "majibu mazuri" hajaambiwa kuwa yu mzima. Ameambiwa tu kwamba swali moja limejibiwa.

Basi nani anayeutaja ugonjwa? Magazeti huandika "kipimo kimegundua". Kugundua ni kukikuta kitu kwa ghafla, kama mwindaji anayemkurupusha paa. Kutambua ni kumjua uliyewahi kumwona. Kuagua ni zuri na la kale, lina tiba na utabiri ndani yake, ila lina wenyewe, na wao hawahitaji mirija. Mimi nachagua kubaini: kuweka wazi kilichokuwa hakiko wazi. Na kubaini ni kazi ya mtu. Tuseme hivi na tuzoee: maabara hupima, daktari hubaini. Ganzi ya miguu, umri, chakula, dawa anazotumia, chembe kubwa na tarakimu ya B12 hukutana kichwani mwa daktari, si kwenye mashine.

Nilichukua kalamu nikamwandikia shangazi karatasi yake upya: "Umepimwa vitamini B12 katika damu. Kiwango kiko chini ya mpaka, na akiba yako imekwisha. Kwa hiyo chembe zako nyekundu ni kubwa mno, wekundu wa damu umeshuka hadi 9, na mishipa ya fahamu ya miguu imeanza kuathirika. Daktari amebaini upungufu wa vitamini B12. Utachomwa sindano za vitamini hiyo."

Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. "Kumbe damu ninayo," akasema. Kisha akauliza swali ambalo hakuwa amemwuliza daktari: "Na hii ganzi, itaondoka?" Nikamwambia akaulize hilo siku ya sindano ya kwanza, mapema, kwa jina lake.

Nawe, msomaji, safari ijayo utakapokunja mkono wa shati mbele ya dirisha la maabara, usiseme umekuja kupima damu. Uliza: "Mnanipima nini katika damu?" Ukijibiwa kwa kifupisho, omba jina. Lisipokuwepo, lete lako.